Malindi hawakuuza pwani, acheni kutuchosha

Najua nimepotea. Nilikuwa TP, na aliyewahi kwenda TP anaelewa: maandalio ya somo mpaka saa sita usiku, rundo la madaftari ya kusahihisha, na soli za viatu zinaisha kabla ya nauli kuisha. Sasa nimerudi kampasi, wiki ya pili hii. Nilikuwa nimepanga kuwaandikia habari za mesi (maharagwe bado yanaogelea, msiwe na wasiwasi), lakini juzi usiku kulizuka mzozo chumbani kwetu na mpaka leo sijapoa. Kwa hivyo mtanivumilia.

Chumbani tuko wanne. Mmoja wa Kongowea, mmoja wa Malindi, mmoja wa Voi ambaye kazi yake ni kulala kitanda cha juu na kucheka, na mimi niliyezaliwa Majengo, Mombasa. Sasa huyu jamaa wa Malindi aliwaazima watu wa chumba cha pili koili yetu ya kuchemshia maji. Ikarudi imeungua. Yule wa Kongowea akaruka: "Ndio zenu watu wa Malindi! Hata Mreno mlimpa rubani, mtashindwa kutoa koili?"

Tukacheka wote. Hata mimi nilicheka. Halafu nikaona mwenzetu wa Malindi hacheki. Akachukua taulo kama anayekwenda kuoga, akatoka, nikaja kumkuta amekaa kwenye ngazi na taulo lake begani, kavu.

Utani wa Mombasa na Malindi kila mtu wa pwani anaujua. Na sisi tuko Kilifi, katikati kabisa, kama kilomita 60 kwenda Mombasa na nyingine kama hizo kwenda Malindi, matatu za pande zote mbili zinapita hapa zikipiga honi. Sisemi utani ufe. Nani anajua kuumua mahamri, nani anaweka nazi mbili kwenye mbaazi, nani anajidai ana mji na hana hata bandari, endeleeni, hata mimi nipo. Ninachokataa ni neno moja tu, usaliti. Manake nimeliona linavyofanya kazi darasani, na darasani hakuna anayecheka.

Shule niliyopangiwa ilikuwa upande wa Malindi. Siitaji jina. Wiki ya tatu nikaingia na somo la kuja kwa Wareno, nimevaa tai, nimejiandaa. Nikatoa zile sababu ambazo sote tulizikariri, za kwa nini Wareno walishinda: meli zenye mizinga, silaha bora, na ile isiyokosa kwenye mtihani, kwamba miji ya pwani haikuwa na umoja, Malindi ikajiunga na Wareno dhidi ya Mombasa. Watoto wakaandika. Unasikia kalamu tu. Halafu msichana mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye tangu nifike sikuwahi kusikia sauti yake, akainua mkono.

"Mwalimu, kwa hivyo ni sisi tuliowaleta?"

Nikamwambia la, si hivyo. Akauliza, "Sasa ni vipi?" Kengele ikalia. Haki ya Mungu sijawahi kuipenda kengele kama siku ile, maana jibu sikuwa nalo. Miaka yote ya somo la Historia nilikuwa nimekariri ile pointi kama nambari ya simu, sijawahi kuifungua nione ndani kuna nini. Kipindi kilichofuata nikapita haraka nikaenda kwa Waomani. Aibu yangu.

Basi tangu nirudi nimekuwa nikisoma, na ninayoyasoma yananitia hasira. Tuanze na 1498, maana hapo ndipo kesi yote inapofunguliwa.

Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili mwaka huo. Alikuwa ameshapiga mizinga Msumbiji huko alikotoka. Mombasa wakamshuku, naye akawashuku. Daftari la safari yake, lililoandikwa na mtu wake mwenyewe aliyekuwa melini, linasema alichukua mateka wawili akawatonesha mafuta ya moto mwilini ili waseme. Usiku watu wa Mombasa wakaja wakiogelea kukata kamba za nanga. Akaona hapa hapakaliki, akaondoka. Na alipokuwa njiani akateka mashua baharini ikiwa na watu 17, na ndani yake mzee mmoja mwenye heshima zake pamoja na mkewe kijana. Ni hao mateka ndio waliomwambia kwamba Malindi atakuta meli za Kihindi.

Sasa, yakhe wangu wa Kongowea, hebu kaa kwenye kiti cha mfalme wa Malindi. Mbele yako zimetia nanga meli tatu zenye mizinga. Ndani wamo watu wa pwani waliotekwa siku hiyo au jana yake. Nahodha mwenyewe anakataa kushuka, ukimwalika anasema mkubwa wake hakumruhusu. Utafanya nini? Mfalme alifanya ambalo mtu mzima yeyote wa pwani angelifanya: alituma kondoo na viungo, akazungumza naye vizuri, kila mmoja kwenye mashua yake. Na wale mateka wakaachiliwa. Hili la mateka kuachiliwa mbona haliingii kwenye noti zetu?

Na rubani? Hapa ndipo nilipofunga kitabu nikaenda kunywa maji. Siku zilipita rubani hajaletwa. Akaja melini mtumishi wa karibu wa mfalme, da Gama akamkamata, akatuma ujumbe nchi kavu kwamba anataka rubani alioahidiwa. Rubani akaletwa. Mnaona? Ile "zawadi ya rubani" tunayoiimba tangu shule ya msingi ilitolewa mtu akiwa ameshikwa. Kwa Kiswahili changu hiyo haiitwi zawadi.

Wala rubani hakuwa mtu wa Malindi. Waandishi wa Kireno wanamtaja kuwa mtu wa Gujarat. (Wale wa kusema alikuwa Ahmad ibn Majid, yule baharia bingwa wa Kiarabu, hiyo hadithi wataalamu wengi wameshaiweka kando, tuiache nasi.) Njia ya kwenda India haikuwa siri ya mfalme wa Malindi aliyoificha chini ya mto. Meli za India zilikuwa zimetia nanga pale pale. Kila msimu wa kusi watu walikwenda, kaskazi ikivuma wakarudi. Kama si rubani huyu angepatikana mwingine, kwa fedha au kwa mafuta ya moto.

Haya, mtaniambia: sawa, 1498 alilazimishwa, lakini baadaye? Nitafika huko, sikimbii. Kwanza nimalizane na "ukosefu wa umoja".

Ukisema watu walikosa umoja unadai kwamba umoja ulikuwa haki yao kuwa nao, kama ndugu wa nyumba moja waliogombana. Nyumba gani? Kilwa ilikuwa Kilwa, Mvita ni Mvita, Pate ni Pate. Walisali namna moja, walioana, waliuziana mchele, na walipigana. Malindi ilikuwa na ubalozi wake. Mwaka 1415 ilimpelekea mfalme wa China twiga, twiga mzima akavuka bahari, na sidhani waliomba ruhusa Mombasa. Neno "pwani" kwa maana tunayoitumia leo ya watu wa kitu kimoja ni letu sisi, tumelipata juzi. Tunalichukua, tunawavalisha watu wa karne ya 15, halafu tunawashtaki kwa kulivua.

Venice na Genoa walipigana vita juu ya vita, miaka ya 1378 mpaka 1381 karibu wamalizane kabisa. Mmeshasikia mwanafunzi wa Genoa akiambiwa babu zake walisaliti Italia? Hao wanaandikiwa "ushindani wa kibiashara". Sisi tunaandikiwa ukosefu wa umoja, na tunawapa watoto wakariri kwa maksi moja.

Na nyinyi wa Mombasa (sisi wa Mombasa, najijumuisha) mikono yetu ni misafi? Miaka ya 1580 alipokuja Mir Ali Bey na meli za Kituruki, nani alimkaribisha? Mombasa. Karne ya 17, nani alivuka bahari kumwomba imamu wa Oman aje amtoe Mreno? Mombasa. Na alipotoka Mreno kukabaki Mwarabu, mwaka 1824 nani alimwambia Kapteni Owen wa Uingereza kwamba tunataka ulinzi wenu, bendera ya Mwingereza ikapanda? Mombasa, Wamazrui, mpaka 1826 London yenyewe ikaikataa. Miaka 65 hivi kabla ya ukoloni wenyewe! Lakini hayo kwetu tunayaita siasa, tunayaita ujanja wa Mvita. Malindi akifanya, ni usaliti. Kila mji mdogo uliokaa karibu na jirani mwenye nguvu ulitafuta rafiki wa mbali, na Malindi ndiyo iliyokuwa ndogo. Mombasa ilikuwa na kisiwa na maji ya kina pande zote mbili, Malindi ina ufuo wazi na mwamba. Muulize mvuvi yeyote.

Sasa nije kwenye lile lililonikosesha usingizi.

Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na meli nyingi. Akaipiga Kilwa, mwezi wa Agosti akaingia Mombasa. Waliichoma. Walipigana nyumba kwa nyumba kwenye vichochoro, watu wakirusha mawe kutoka madarini, halafu mji ukaporwa, kila askari na fungu lake. Mfalme wa Mombasa alikuwa amekimbia na waliookoka. Walipoondoka wavamizi, alirudi akaona. Na baada ya kuona aliandika barua.

Mnajua alimwandikia nani? Mfalme wa Malindi.

Yule yule. Hasimu wake, rafiki wa hao hao waliomchomea mji. Barua imetufikia kupitia karatasi za wavamizi wenyewe, si yetu, lakini imetufikia. Anamweleza kwamba amepita mtu mwenye nguvu akiwa na moto, kwamba hawakubakisha mwanamume wala mwanamke, mkubwa wala mtoto. Anamwambia harufu ya maiti ni kali kiasi kwamba hathubutu kuingia mjini. Mali iliyochukuliwa hawezi hata kuikadiria. Na anamalizia kwa kusema kwamba anampa habari hizi kwa ajili ya usalama wake, yaani wa huyo wa Malindi.

Niliisoma mara tatu. Hakuna tusi humo. Mtu amekaa nje ya mji wake unaonuka, ana kila sababu ya kuandika "mmefurahi sasa?", na badala yake anamwambia jirani: jihadhari. Hasimu alimjua hasimu wake kuliko alivyomjua mgeni. Alijua leo ni kwangu kesho ni kwako. Hii barua sikuiona kwenye noti zangu za shule, sikuiona kwenye noti nilizokwenda nazo TP, na mimi ni wa somo la Historia na Kiswahili, jamani! Mitihani yote niliyofanya, nimeulizwa mara ngapi kuhusu Malindi na Mombasa, na sikuwahi kujua kwamba waliandikiana.

Na hapa ndipo Malindi nami tunakosana, maana sikuja kuwaosha. Barua ile haikuzaa kitu. Mwaka 1528 Nuno da Cunha alipokuja kuipiga Mombasa tena, watu wa Malindi walikuwamo msafarani. Hapo hakuna mtumishi aliyekamatwa wala mafuta ya moto. Walikwenda. Wakakaa na Wareno mjini miezi, wagonjwa wakafa wengi, na walipoondoka mwaka 1529 wakauacha mji majivu. Kama unatafuta siku ya kuwalaumu, chukua hii, nakupa kwa mikono miwili. Miaka 23 kabla walikuwa wameletewa barua.

Ila hata hapo neno langu si usaliti. Walifanya unyama kwa jirani, na walifanya hesabu mbaya. Msaliti ni mtu wa kwako aliyekugeuka. Hawa walikuwa maadui wa wazi wanaojulikana, waliopata nafasi. Ukiliita usaliti unajifanya hukujua.

Na hesabu yenyewe ililipaje? Mwaka 1589 Waturuki na Wazimba na Wareno walikutana Mombasa na mji ukaangamia mara nyingine. Wazimba wakapanda mpaka Malindi, huko wakakutana na Wasegeju wakamalizwa. Wasegeju wakashuka wakaichukua Mombasa, na mfalme wa Malindi akakabidhiwa. Ameshinda! Baada ya karne nzima ya uhasama, Malindi imeketi Mvita. Akahama na watu wake. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus, mchoraji wake Mwitaliano, na mfalme wa Ureno wakati huo alikuwa Mhispania, maana Ureno yenyewe ilikuwa imemezwa na jirani yake tangu 1580. (Hao nao wangefaa pointi ya ukosefu wa umoja, lakini haya.)

Mji wa Malindi ulikwisha hapo. Ulinyauka polepole mpaka ukawa magofu na vichaka, haukusimama tena sawasawa mpaka 1861 Sayyid Majid wa Unguja alipoufufua, tena kwa mashamba ya watumwa. Rafiki aliposhiba alihamia kwenye bandari nzuri akaacha ile mbovu. Alichobakisha ni nguzo ya msalaba ufuoni, watalii wanapigia picha.

Sasa hii ya mwisho nimemwekea jamaa wa Kongowea makusudi.

Wewe ukipita Fort Jesus unajivunia nani? Juzi ulinihadithia mwenyewe: Yusuf bin Hasan. Kijana aliyechukuliwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme kibaraka, halafu Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake akamchoma kisu kapteni wa Wareno, ngome ikawa yake mpaka mwaka uliofuata. Ulinihadithia kwa mikono, mpaka chai ikamwagika. Ulinificha kwamba waliuawa pia wanawake na watoto na Waafrika waliobatizwa, lakini tuache. Nakuuliza, Yusuf ni wa ukoo gani?

Babake ni Hasan, aliyegombana na Wareno, akakimbilia bara upande wa Rabai, akauawa huko mwaka 1614 baada ya Wareno kutoa hongo, kichwa chake kikapelekwa Goa, huko huko alikopelekwa mwanawe kulelewa. Na babake Hasan ni Ahmad. Sultani Ahmad wa Malindi. Yule aliyehamia.

Mjukuu wa "wasaliti", bwana. Shujaa wako wa Mvita, anayekufanya umwage chai, ni Mmalindi. Familia iliyoanza kwa kutuma kondoo ndiyo iliyomaliza kwa kisu. Na kama damu ya usaliti inarithiwa mpaka koili za 2020 na ushei, mbona ya Yusuf hairithiwi?

Nilimsomea haya yote jana, wa Voi akiwa shahidi. Akanyamaza, akasema, "Lakini rubani walitoa." Nikaona heri niandike.

Kwa msichana wa kiti cha nyuma, nimeandika habari za ile barua kwa mkono, kurasa mbili, pamoja na za mtumishi aliyekamatwa na za 1528, sikumficha. Jumamosi napanda matatu mpaka huko nimpe mwalimu wake wa darasa. TP imekwisha, hakuna anayenipa maksi, na pengine ameshasahau kama aliuliza. Mwenzangu wa Malindi anasema atanisindikiza, nyumbani kwao ni njia hiyo hiyo na mamake amechinja.

Koili mpya tumeinunua kwa kuchanga wanne. Wa Kongowea ndiye hajatoa mpaka sasa.